Neno Lisilokuwemo Mkatabani

Jumatatu, 15 Agosti 2005

Wametia saini leo. Kijiji kizima kilihamia kwenye kibanda cha kahawa cha Pak Leman, maana televisheni yake ndiyo pekee isiyo na chenga. Tukaona chumba chenye zulia huko Ulaya kwenye baridi, wanaume wa suti, kalamu, makofi. Vita vya karibu miaka thelathini, na kuvimaliza kumechukua muda mfupi kuliko kuivisha sufuria ya wali. Mimi nilisimama nyuma na wanawake wenzangu, ungo bado mkononi, pumba za mpunga zimenijaa kichwani.

Watu walilia. Mimi sikulia, nilikuwa namtazama mume wangu. Bang Syarbaini alikaa kiti cha mlangoni, peke yake, kahawa yake inapoa. Mtu mmoja akauliza, "Kwa hiyo watu wa mlimani ndio wamejisalimisha?"

Mkuu wa kijiji, Pak Keuchik, akamrukia. "Nani kajisalimisha? Nimesomewa mkataba wote, kifungu kwa kifungu. Neno hilo halimo! Hawa wanashuka. Wanashuka vichwa juu, na bunduki zao zinakatwa mbele ya mashahidi wa kigeni. Kujisalimisha ni kitu kingine kabisa."

"Kitu kingine kabisa kimekaa hapo mlangoni," akasema Pak Leman, na kibanda kizima kikacheka.

Maana Bang, aliyekuwa mpiganaji wa mlimani, alishuka Februari mwaka jana, mikono juu, na karatasi aliyotia saini kwenye kambi ya askari ilikuwa na neno hilo mara tatu. Mikono Juu ndilo jina lake sasa, hata watoto wa madrasa wanalijua. Miezi kumi na minane tu! Angevumilia miezi kumi na minane, naye angekuwa miongoni mwa wanaoshuka.

Jumatano, 17 Agosti

Kupura mpunga kutwa. Mgongo unaniuma.

Jumapili, 21 Agosti

Leo kisimani mke wa Pak Leman kaniita Mama Spika mbele ya watu. Nikamwambia, "Mimi spika yangu ilizimwa mwaka jana, yako mbona haizimiki?" Wakacheka, tukaachana. Lakini njiani nilikwenda mbio, nikafika na maji nusu.

Acha niandike, maana daftari halina mdomo. Februari ile askari walitukusanya wanawake wenye waume mlimani, wakatupandisha lori lenye kipaza sauti, wakatupeleka hadi mwisho wa barabara chini ya msitu. Tukapewa zamu ya kuita. Wenzangu walisema shuka baba watoto, tuna njaa, shuka umekosa nini. Hakushuka mtu. Na mimi nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu kwamba wiki ile mlima wote ungepigwa mizinga. Zamu yangu ilipofika nikamtaja mama yake, nikasema, "Bang, Mak anakufa. Anakutaja jina. Njoo umwone kabla hajakata roho."

Hakuna askari aliyenifundisha. Maneno niliyatunga mwenyewe juu ya lori, na machozi yakanitoka ya kweli.

Siku ya tatu akashuka. Wakamsainisha, wakampiga picha, wakamwapisha. Walipomleta nyumbani, Mak Tihawa, mama yake, alikuwa jikoni anatwanga mchele, jasho linamtiririka, mzima kuliko mimi. Bang akasimama mlangoni. Akamtazama mama yake, kisha akanitazama mimi. Uongo ule hajautaja mpaka leo.

Mak alichota unga ule ule aliokuwa anatwanga, akauchanganya na maji, akachuma kishada cha majani ili amnyunyizie. Ndivyo tunavyompoza kila anayerudi kutoka mbali, awe ametoka Makka, jela au vitani, asiyepozwa hajarudi. Bang akarudi nyuma hatua moja. "Usinipoze, Mak. Mimi sijafika."

Tangu siku hiyo Mak anaomba na yeye anakataa.

Jumatatu, 29 Agosti

Mpunga wote umeingia ghalani. Bang kafanya kazi kutwa.

Alhamisi, 22 Septemba

Wameshuka. Kundi la Muzakir, wanaume tisa, nywele hadi mabegani, ngozi ya njano kama watu waliokaa pangoni. Muzakir ndiye aliyekuwa akilala na Bang chini ya turubai moja miaka minne. Uwanja wa msikiti ulijaa. Pak Keuchik mwenyewe kashika bakuli la maji ya unga, akawanyunyizia mmoja baada ya mwingine, akawalisha tonge la wali wa njano wa kunata. Akina mama wakaangua kilio mpaka imamu akashindwa kusikika kwenye dua.

Mak Tihawa alinishika mkono ananivuta twende mbele. "Mwite Syarbaini," ananiambia. "Maji bado yapo bakulini. Nani atamhesabu? Asimame mwisho wa mstari." Nikamtafuta. Nilimkuta nyuma ya nyumba yetu anapasua kuni ambazo hatuzihitaji.

"Mak anakuita ukapozwe," nikasema.

"Wale wameorodheshwa. Mimi siko kwenye orodha ya mtu yeyote. Kwa askari mimi ni adui aliyenyoosha mikono, kwa wale mimi ni aliyewakimbia. Nikasimame pale kama nani?"

"Kama mtoto wa Mak."

Akapasua gogo jingine. Nikarudi uwanjani nikamdanganya Mak kwamba sikumwona. Nimekuwa hodari wa uongo siku hizi.

Nawachukia wale tisa. Naandika hivyo hivyo. Nilimtazama Muzakir anavyotafuna lile tonge, watu wanamgusa shati kama la mtu aliyetoka hija, nikasema moyoni: wewe ulikuwa na bahati tu, mkeo hakupandishwa lori.

Jumamosi, 24 Septemba

Mvua ya kwanza. Paa linavuja pale pale.

Jumatano, 5 Oktoba

Ramadhani imeingia. Mak anakohoa. Nimemkataza kufunga, akaniambia, "Mimi nilishakufa mwaka jana kwa spika. Maiti hahitaji ruhusa yako." Akacheka mpaka akakohoa tena. Yeye peke yake ndani ya nyumba hii ndiye anayelitaja jambo lile, na anapolitaja Bang hutoka nje.

Jumapili, 9 Oktoba

Mvua. Tumetayarisha kitalu cha miche. Mak bado anakohoa.

Jumanne, 18 Oktoba

Muzakir kaja leo baada ya alasiri. Nilikuwa nimejiandaa maneno ya kumpa tangu alivyoshuka. Akabisha hodi, akakaa kwenye ngazi, hakuingia ndani. Nikamwambia, "Shujaa umepotea njia? Hapa ni kwa Mikono Juu."

Hakukasirika. "Shemeji, nimekuja kuomba."

Kundi lao limepangiwa kutoa bunduki kumi na mbili siku ya kukata silaha. Wanazo kumi na moja. Ya kumi na mbili haipatikani, na hesabu isipotimia watasema kundi limeficha. Akamtazama Bang. "Wewe ulishuka mikono mitupu. Yako iko wapi?"

Nilidhani Bang atamfukuza. Badala yake akasema, "Naitoa. Lakini naipeleka mwenyewe, kwa mkono wangu, na jina langu linaitwa."

"Jina siwezi kuahidi. Nitasema nao."

Bang akachukua jembe akaenda kwenye mipopoo nyuma ya zizi, akachimba. Miezi yote hii nimepita pale kuokota popoo sijajua chochote! Kumbe alisalimisha mwili tu; bunduki aliificha msituni, akairudia usiku mmoja baadaye. Bunduki ilikuwa imefungwa ndani ya nailoni, na ndani ya nailoni kitambaa, na kitambaa chenyewe ni kanga ya Mak ya maua mekundu ambayo tumeitafuta mwaka mzima. Imeota kutu kila mahali.

Bang alipokuwa anachimba, Muzakir alibaki na mimi ngazini. Nikamuuliza, kwa ubaya tu, kama mkewe amefurahi alivyorudi.

"Nyumba yangu ilikuwa pwani," akasema.

Nilisahau. Wallahi nilisahau. Bahari ilipopanda Desemba, kijiji kile kilibaki sakafu tu.

"Mke na mabinti wawili," akasema. "Nilisikia redioni, siku ya tano. Shemeji, nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Siku ile ulivyoita, sote tulikusikia. Mimi nilimwambia Syarbaini, huo uongo, mama yako alionekana juzi shambani anapanda. Akaniambia anajua. Akashuka hata hivyo. Nilimtemea mate, shemeji, mgongoni, akiwa anateremka. Sasa kila siku nasema, laiti wangu naye angenidanganya. Ningekaa naye miezi kumi kabla ya bahari."

Nikaenda jikoni. Maneno yote niliyomwandalia yalikwisha. Jua lilipozama nikampelekea tende na maji, nikamwambia, "Ingia ndani ufuturu."

Jumatano, 19 Oktoba

Anajua. Alijua tangu mlimani. Nimeunguza wali leo.

Jumatatu, 24 Oktoba

Bang anasugua bunduki kwa mafuta ya nazi kila asubuhi. Mak anamtazama kutoka kitandani. "Hiyo ikikatwa utakuwa umefika?" anamuuliza. "Wakiiandika, Mak, nitakuwa nimefika. Utanipoza siku hiyo hiyo." Mak akaniamuru nitwange unga wa mchele niuweke tayari kwenye kopo. Mganga wa zahanati kasema ni mapafu, na kwamba tungemleta mapema.

Alhamisi, 3 Novemba

Idi. Mak hakuweza kuinuka. Wageni walimsalimia kitandani, kila mmoja anamshika mkono anaomba msamaha wa wazi na wa siri, kama ilivyo siku hii. Zamu yangu kwa Bang ilifika. Nikapiga magoti, nikauchukua mkono wake nikauweka kwenye paji la uso wangu, nikasema, "Nisamehe, Bang, makosa ya nje na ya ndani." Niliyasema maneno yale taratibu mno, nikangoja.

"Nimekusamehe. Nawe nisamehe," akasema. Ndivyo kila mume anavyojibu, nyumba zote, kila Idi. Nilibaki nimeshika mkono wake mpaka wageni wakaanza kutazamana. Sikujua kama amenijibu mimi au ameijibu Idi.

Jumanne, 8 Novemba

Mvua siku nne mfululizo. Majaruba yamejaa, miche inatungoja.

Jumatatu, 14 Novemba

Nilitaka kubaki na Mak, akanifukuza. "Nenda ukamwone akihesabiwa uje unisimulie. Nitakungoja." Jirani akakaa naye.

Uwanja wa mpira wa tarafa, matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Turubai jeupe, meza, waangalizi wa kigeni na mkalimani wao, mashine ya kukatia chuma. Watu wamefunga vitambaa vichwani, wengine wamepanda miti. Wakaitwa mmoja mmoja. Mtu anaweka bunduki mezani, mzungu anaivuta hapa, anaichungulia pale, anaitikia kwa kichwa, karani anaandika, inakwenda kwenye mashine, cheche zinaruka, watu wanapiga takbira. Nilihesabu kwa vidole. Kumi na moja.

Muzakir akasimama akasema, "Ya kumi na mbili. Syarbaini bin Abdul Manaf." Akalitamka jina lote, kwa sauti, mbele ya watu wote. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Si Mikono Juu huyo?" Nikageuka nikamtazama mpaka akainamisha macho.

Bang akaifungua kanga ya Mak pale mezani. Mzungu akaivuta bunduki hapa, haikuvutika. Akachungulia pale. Akaita mwenzake. Wakazungumza. Mkalimani, kijana mpole, akasema, "Samahani sana, mzee. Haifyatui. Mkataba unasema inayohesabiwa ni inayofyatua."

"Ilikuwa inafyatua," akasema Bang.

"Naelewa, mzee."

"Miaka minne imefyatua. Muulize huyu."

"Ndiyo, mzee. Wataikata, haitarudi kwenu. Lakini haiandikwi."

Wakaikata. Cheche zile zile, sauti ile ile, ila hakuna aliyepiga takbira, maana karani alikuwa ameshafunga kitabu. Bang akaikunja kanga mara mbili, mara nne, akaiweka begani. Muzakir alianza kugombana na mkalimani, Bang akamshika mkono akamwambia basi, imetosha.

Tulirudi kwa miguu na mvua yake. Kilomita tisa. Nilikuwa nawaza jambo moja tu: Mak anatungoja.

Alikuwa macho. Amekaa ameegemea mito, bakuli la maji mapajani, unga wangu umeshachanganywa, kishada cha majani pembeni. Jirani anasema alidai aandaliwe tangu adhuhuri. Pumzi yake ilikuwa inasikika kutoka mlangoni.

"Umehesabiwa?" akauliza.

Bang akapiga magoti kando ya kitanda. Maji ya mvua yanamchuruzika puani. "Nimehesabiwa, Mak. Nilikuwa wa kumi na mbili. Wakaniita jina na la baba."

"Wakaandika?"

"Wakaandika."

Mak akamtazama sana. Kisha akanitazama mimi, nami nikatazama sakafu. "Waongo," akasema, na nikamwona anatabasamu. "Mmefanana, nyinyi wawili. Haya, inamisha kichwa."

Bang akainamisha. Unga ulikuwa umetuama chini ya bakuli, nikaukoroga. Mak hakuweza kuinua kishada, nikamshika kifundo cha mkono tukakiinua pamoja. Bega la kulia, bega la kushoto, kichwani. Matone meupe yakamshukia Bang kwenye nywele. "Poa, mwanangu," Mak akawa anasema. "Poa sasa. Umefika." Bang alilia kwa sauti. Sijawahi kumsikia akilia, hata siku ile aliposhuka, na hata alipomzika baba yake.

Jumatano, 16 Novemba

Mak Tihawa amefariki alfajiri. Tumemzika kabla ya adhuhuri. Kanga ya maua mekundu tuliitandaza juu ya jeneza hadi makaburini.

Muzakir aliingia kaburini kumpokea. Alikuja na wenzake wote wanane.

Ijumaa, 18 Novemba

Siwezi kuandika.

Jumatano, 23 Novemba

Kisomo cha siku ya saba kimekwisha. Watu walipoondoka, Pak Keuchik alibaki na daftari lake la vifo. Akakaa mkekani, akavaa miwani, akaanza kuuliza maswali yanayotakiwa na serikali. Jina. Umri. Bang akajibu. Mimi nilikuwa nakusanya vikombe.

"Alianza kuugua lini?" akauliza Pak Keuchik, kalamu imeshaanza kuandika Oktoba, maana kijiji kizima kinajua ni Oktoba.

"Februari mwaka jana," akasema Bang.

Kalamu ikasimama. "Februari? Syarbaini, Februari mama yako alipandikiza jaruba langu, nilimlisha mimi mwenyewe."

"Aliugua Februari," akasema Bang. Hakupandisha sauti. "Mke wangu akaniita. Nikaja kumwona mama yangu. Andika hivyo, Pak Keuchik."

Nilikuwa na vikombe sita mikononi na sikuweza kuviweka wala kuvibeba. Pak Keuchik alivua miwani, akaifuta kwa shati, akanitazama mimi, akamtazama yeye. Yeye ndiye aliyetuambia siku ile kwamba neno fulani halimo mkatabani. Halafu akaivaa miwani yake, akakata Oktoba kwa mstari mmoja, akaandika, na alipokuwa anaandika akawa anatamka kila neno, kama anavyofanya akiandika hati za mashamba: "Fe-bru-a-ri. Elfu mbili na nne. Mwana aliitwa, akashuka."

Akaligeuza daftari upande wangu. "Shahidi atie saini hapa."

Nikaviweka vikombe chini, nikafuta mikono kwenye nguo. Bang akatia yake kwanza, akanipa kalamu. Nikatia saini chini ya yake.